Kupima, kupiga hesabu au kukadiria? Ulinganisho wa njia za kupata kiasi cha vichafuzi vya hewa katika kiwanda cha kemikali

Mwaka ukiisha, kiwanda cha kemikali hudaiwa namba moja kwa kila kichafuzi: kilo ngapi zimetoka kwenda hewani. Namba hiyo hupatikana kwa njia tano: kifaa cha kudumu ndani ya dohani, upimaji wa siku moja, mizania ya maada (kilichoingia toa kilichoonekana kimetoka kwingine), hesabu za kihandisi na vizidishi vya jumla (wastani wa viwanda vingine). Kwa chanzo kilekile, njia hizi zinaweza kupishana mara tatu au nne bila mtu yeyote kukosea kujumlisha.

Kosa kubwa ni kuchagua njia moja kwa ajili ya kiwanda kizima. Riakta, yaani chombo cha mmenyuko, ina tabia yake, tangi lina yake, na vali elfu moja zilizotapakaa kiwandani zina yake. Anza kwa kuorodhesha vyanzo vyote na kuvipa makadirio ya harakaharaka kwa vizidishi. Utaona kwamba vyanzo vichache vimebeba sehemu kubwa ya uzito. Fedha za vipimo ziende huko. Kwingineko makadirio yanatosha, na mkaguzi mwenye busara hatalalamika.

Kifaa cha kudumu au upimaji wa siku moja

Kifaa cha kudumu husoma ukolezi wa gesi usiku na mchana. Upimaji wa siku moja ni kazi ya mafundi wanaopanda dohani, wakachukua sampuli kwa kawaida mara tatu, takriban saa moja kila mara, kisha wakashuka. Hesabu ya njia zote mbili ni ileile: miligramu kwa mita ya ujazo, mara mita za ujazo kwa saa, gawanya kwa 1,000,000, upate kilo kwa saa. Tofauti ni kwamba njia ya pili inachukua saa tatu na kuzifanya zisimamie saa 8,000 za uendeshaji.

Kama mtambo unaendeshwa kwa mzigo uleule na malighafi ileile mwaka mzima, saa tatu zinaweza kutosha. Kwa mitambo mingi ya kemikali hali si hiyo. Chukua mtambo wa asidi ya nitriki. Wavu wa metali za platini na rodi unaochochea uunguzaji wa amonia huchakaa kadiri wiki zinavyopita, na oksidi ya nitrasi inayotoka huongezeka. Ukipima wiki moja baada ya kufunga wavu mpya, namba itapendeza lakini haitakuwa ya kweli kwa mwaka. Kizidishi nacho hakikuokoi sana: mwongozo wa mwaka 2006 wa IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, unatoa kilo 5 kwa tani ya asidi kwa mitambo ya kanieneo ndogo, 7 kwa ya wastani na 9 kwa ya juu, na hiyo 9 ina mashaka ya asilimia 40 juu na chini. Hapa kifaa cha kudumu kinastahili gharama yake.

Kwa uzalishaji wa bechi, yaani wa mkupuo mmoja baada ya mwingine, upimaji wa siku moja una maana iwapo tu umefunika hatua zote: kujaza, kupasha joto, mmenyuko, kuondoa hewa kwa pampu ya ombwe, kumimina. Saa moja iliyoangukia katikati ya mmenyuko uliofungwa kabisa itakupa karibu sifuri, wakati uzito wote umetoka dakika ishirini za kupasha joto. Mwambie kiongozi wa wapimaji aanze saa kulingana na hatua za bechi, si kulingana na kifungua kinywa.

Makosa yanayoharibu njia zote mbili mara nyingi hayapo kwenye ukolezi. Yapo kwenye mtiririko na kwenye vizio:

Sehemu ya kupimia ikiwa karibu na kona ya bomba, gesi huzunguka kama kimbunga na kipimo cha kasi hudanganywa. Kanuni ya kawaida ni kuwa na angalau vipenyo vinane vya bomba lililonyooka kabla ya tundu la kupimia, na viwili baada yake.

Mita ya ujazo ya nyuzi 0 si ile ya nyuzi 25. Kuzichanganya kunapotosha matokeo kwa asilimia 9 hivi. Ripoti ya maabara hutaja nyuzi zilizotumika, mara nyingi kwa maandishi madogo chini ya jedwali.

Ukolezi uliopimwa kwenye gesi iliyokaushwa haupaswi kuzidishwa na mtiririko wa gesi yenye unyevu. Ikiwa unyevu ni asilimia 15, jibu litakuwa kubwa kuliko ukweli kwa asilimia 18.

Kichambuzi cha mwali, kinachopima misombo ya kaboni kwa kuiunguza, hurekebishwa kwa propani, na matokeo huandikwa kama propani au kama kaboni. Hizo si kilo za kiyeyushi chako. Bila kujua namna kifaa kinavyoitikia kiyeyushi husika, usihamishe namba hiyo moja kwa moja kwenye fomu.

Kifaa cha kudumu kina maradhi yake ya ziada. Upeo wa kusoma ukiwekwa mdogo, kilele cha bechi hukatwa na mchoro huonyesha mstari bapa juu kabisa. Ukiuona mstari huo, jua kuna kilo zimepotea. La pili ni saa ambazo kifaa kilikuwa kwenye matengenezo. Programu nyingine huziacha wazi na lahajedwali ikazihesabu kama sifuri. Jaza pengo kwa wastani wa saa zinazofanana, au kwa thamani ya juu ikiwa mtambo wenyewe ulikuwa na hitilafu. Na kifaa kisicholinganishwa na upimaji huru ni pambo. Kiwango cha Ulaya EN 14181 hudai angalau vipimo 15 sambamba wakati wa kukithibitisha, kisha angalau vitano kila mwaka. Marekani hutumia angalau vipindi tisa vya kulinganisha.

Mizania ya maada: nzuri pale hasara ni kubwa

Hesabu yake ni rahisi kueleza. Chukua akiba ya mwanzo wa mwaka, ongeza kilichonunuliwa, toa akiba ya mwisho, toa kilichobaki kwenye bidhaa, kilichoondoka na taka, kilichoingia kwenye maji machafu na kilichoungua au kugeuka kuwa kitu kingine. Kilichobaki kimekwenda hewani. Kwa kiwanda kinachopaka rangi au gundi, ambako kiyeyushi chote huishia kukauka, hakuna njia nyingine inayoishinda kwa urahisi wala kwa usahihi.

Inapovunjika ni pale unapotoa namba kubwa kutoka namba kubwa. Tuseme riakta hupokea tani 1,000 za tolueni kwa mwaka na tani 980 hurudi kwenye tangi la urejeshaji. Jibu ni tani 20. Lakini kila kifaa cha kupimia kina kosa la asilimia 0.5, yaani tani 5 upande mmoja na 4.9 upande wa pili. Makosa hayo yakiunganishwa kwa kanuni ya kipeuo cha pili cha jumla ya miraba yake ni tani 7. Kwa hiyo umeandika 20 huku ukweli ukiweza kuwa 13 au 27. Kadiri urejeshaji unavyokuwa bora ndivyo mizania inavyozidi kukosa maana.

Asidi ya sulfuriki inaonyesha jambo hilo vizuri kuliko mfano wowote. Kila tani ya asidi safi hutumia kilo 653 za dioksidi ya salfa. Kigeuzi, chombo kinachoigeuza dioksidi hiyo kuwa trioksidi, kikifanikiwa kwa asilimia 98, dioksidi inayoponyoka ni kilo 13.3 kwa tani. Kikifika asilimia 99.7, ni kama kilo 2. Ukijaribu kuzipata kilo hizo 2 kwa kupima salfa iliyoingia na asidi iliyotoka, mizani yako yenye kosa la nusu asilimia haiwezi hata kuziona. Lakini ukipima dioksidi kabla na baada ya kigeuzi, kisha ukatumia uwiano huo na tani za asidi, jibu linakuwa imara. Ni mizania ileile, ila imejengwa juu ya kipimo cha kitu kidogo chenyewe badala ya tofauti ya vitu viwili vikubwa.

Kabla ya kuamini mizania, uliza pia maji machafu yamepimwa au yamekisiwa. Kiyeyushi kilichohesabiwa kuwa kimeenda na maji mara nyingi huvukia kwenye mitaro na mabwawa kabla ya kufika kwenye usafishaji, kikawa kimerudi hewani bila kuandikwa popote.

Hesabu za kihandisi

Kwa vyombo vya bechi, hii ndiyo njia tunayoipendelea, kwa sababu inakuonyesha nini cha kubadilisha. Unahitaji kanieneo ya mvuke wa kiyeyushi katika joto halisi, ujazo wa gesi inayosukumwa nje, na kanuni ya gesi bora.

Kujaza kwanza. Ukimimina mita za ujazo 10 za tolueni kwenye chombo cha nyuzi 25, gesi ya ujazo huohuo hutoka kupitia tundu la hewa. Tolueni katika nyuzi 25 ina kanieneo ya mvuke ya kilopaskali 3.79 na moli moja ina gramu 92.14. Zidisha 3.79 × 10 × 92.14, gawanya kwa 8.314 × 298.15, upate kilo 1.4. Hesabu hii inachukulia kwamba gesi imeshiba mvuke, kwa hiyo ni upande wa juu wa ukweli.

Sasa linganisha na kupitisha nitrojeni. Mita za ujazo 20 kwa saa, zikipimwa kwa nyuzi 25 na kanieneo ya kawaida, ni kilomoli 0.82. Chombo kikiwa nyuzi 25, mvuke unaobebwa ni kilo 2.9 kwa saa. Chombo hichohicho kikiwa nyuzi 60, kanieneo ya tolueni hupanda hadi kilopaskali 18.5, na kilo kwa saa zinakuwa 16.8. Nitrojeni haikuongezwa hata chembe. Hapo ndipo utakapogundua kwamba opereta aliyeacha vali ya nitrojeni wazi usiku kucha wakati wa kupasha joto ametoa zaidi ya ujazaji wa wiki nzima.

Kosa linalojirudia ni kwenye kondensa, kifaa kinachopoza mvuke urudi kuwa kimiminika. Watu huweka joto la maji ya kupoza kwenye hesabu. Kinachoamua ni joto la gesi inayotoka, ambalo huwa juu zaidi, hasa kondensa ikiwa na ukoko au ikizidiwa mzigo. Weka kipimajoto kwenye bomba la gesi. Ni kifaa cha bei ndogo kinachookoa mabishano mengi. Kosa la pili ni kuchukulia mchanganyiko kana kwamba ni kiyeyushi kimoja. Kwa viyeyushi vinavyofanana, kanieneo ya kila kimoja huzidishwa na sehemu yake kwa moli. Kwa maji na pombe, au maji na kiyeyushi kisichochanganyika nayo, kanuni hiyo hudanganya na inabidi utafute data za mchanganyiko wenyewe.

Matangi ya kuhifadhia yana milinganyo yake iliyokamilika katika sura ya 7 ya AP-42, mkusanyiko wa vizidishi wa EPA, mamlaka ya mazingira ya Marekani. Itumie kama ilivyo. Angalia tu kwamba tangi linalopashwa joto limeingizwa kwa joto lake, si kwa joto la hewa ya nje.

Vizidishi

Kizidishi ni wastani wa viwanda vingine: kilo za kichafuzi kwa tani ya bidhaa. AP-42 ilianza kuchapwa mwaka 1968, na vizidishi vyake vingi vimepewa daraja kutoka A hadi E. A humaanisha kimejengwa juu ya vipimo vizuri vya mitambo mingi, E ni udhaifu uliokiriwa. Watu wengi hunakili kizidishi na kuiacha herufi. Iandike kwenye faili lako. Kizidishi cha daraja E kikiwa ndicho kinachobeba chanzo chako kikubwa kuliko vyote, umeshajua bajeti ya vipimo ya mwaka ujao iende wapi.

Soma pia kama kizidishi ni cha kabla au baada ya kifaa cha kusafisha gesi. Kupunguza mara mbili, yaani kutumia kizidishi cha gesi iliyokwisha safishwa kisha kuondoa tena asilimia 95, ni kosa linalopita macho ya wakaguzi kwa urahisi kwa sababu namba huonekana nzuri.

Mivujo: hapa chaguo la njia hubadilisha jibu kuliko kwingineko

Vali, pampu, flanji na viungio havina dohani ya kupimia. EPA ilitoa mwaka 1995 ngazi za makadirio kwa viwanda vya kemikali za kaboni, na tofauti baina yake ni kubwa. Ngazi ya kwanza inahitaji kuhesabu vali tu. Ya pili inahitaji kupita na kifaa cha kunusa na kuzigawa: zilizosoma 10,000 ppm (sehemu kwa milioni) au zaidi, na zilizo chini ya hapo. Ya tatu hutumia usomaji halisi wa kila vali katika mlinganyo.

Tuseme una vali 1,000 za kimiminika chepesi, yaani kinachovukia kwa urahisi, saa 8,000 kwa mwaka. Baada ya kuzipitia zote: 900 zimesoma sifuri, 80 zimesoma 500 ppm, 15 zimesoma 20,000 ppm, na 5 zimepita mwisho wa kifaa, 100,000 ppm.

| Njia | Hesabu | Kilo kwa mwaka |
|---|---|---|
| Wastani | 1,000 × 0.00403 kg/saa | 32,240 |
| Makundi mawili | 20 × 0.0892 + 980 × 0.000165 | 15,570 |
| Mlinganyo | 0.00000641 × (ppm)^0.797 kwa kila vali, pamoja na thamani maalumu za sifuri na za mwisho wa kifaa | 8,640 |

Vali zilezile, na tofauti ya karibu mara nne. Katika mstari wa mwisho, zile vali 5 zilizopita upeo, kila moja ikihesabiwa kilo 0.15 kwa saa, zimebeba asilimia 69 ya jumla. Kwa hiyo ngazi ya tatu hukupa namba ndogo na orodha ya kazi ya fundi kwa wakati mmoja. Ngazi ya kwanza haikuonyeshi vali ipi ikazwe, na namba yake haitashuka hata ukizikaza zote.

Usidhani hata hivyo kwamba ngazi ya juu daima hutoa namba ndogo. Kiwanda kisichotunzwa kitajikuta kinaripoti zaidi, na hapo ndipo wengine huamua ghafla kwamba wastani unatosha.

Mambo ya kuangalia: usomaji wa sifuri hauhesabiwi kuwa sifuri, una thamani yake (kilo 0.00000049 kwa saa kwa vali hizi). Usomaji uliopita upeo hauingizwi kwenye mlinganyo kama 100,000, una thamani yake pia. Vizidishi hivi ni vya jumla ya misombo ya kaboni. Kama bomba lina tolueni asilimia 60 kwa uzito, zidisha kwa 0.6. Kifaa cha kunusa kilichorekebishwa kwa methani hakiitikii kemikali zote sawasawa, na baadhi ya misombo yenye klorini au oksijeni huisoma chini sana. Na mwendo wa mpimaji: ncha ya kifaa ikipitishwa haraka mbele ya shina la vali, mvujo hauonekani. Akipata dalili asimame, asogeze polepole hadi pale usomaji ulipo juu zaidi, kisha akae hapo muda mara mbili ya ule kifaa kinaouhitaji kuitikia.

Saa ambazo kisafishaji kimezima

Njia yoyote uliyochagua, hapa ndipo ripoti nyingi huanguka. Gesi ghafi ni kilo 10 kwa saa, mnara wa kuosha huondoa asilimia 98, mtambo huenda saa 8,000. Saa 7,900 za kawaida hutoa kilo 1,580. Saa 100 za mnara kuzima hutoa kilo 1,000. Asilimia 1.25 ya muda imetoa karibu asilimia 39 ya uchafuzi wote. Daftari la zamu lina thamani kuliko kipimo cha tatu cha dohani.

Na ufanisi wa asilimia 98 umetoka wapi? Ukiwa wa muuzaji, ulikuwa wa siku ya kukabidhi. Mnara ukishuka hadi asilimia 95, kinachotoka kimeongezeka mara mbili na nusu.

Kuandika kwenye ripoti

Mifumo ya kuripoti hukutaka utaje njia pamoja na namba. Ulaya hutumia herufi tatu: M kwa kilichopimwa, C kwa kilichopigiwa hesabu, E kwa kilichokadiriwa. Daftari la TRI la Marekani, la utoaji wa kemikali zenye sumu, hutofautisha zaidi: M1 kipimo cha kudumu, M2 kipimo cha vipindi, C mizania, E1 vizidishi vilivyochapwa, E2 vizidishi vya kiwanda chenyewe, O hesabu za kihandisi. Angalia kwamba C ya upande mmoja si C ya upande mwingine. Kampuni yenye viwanda pande zote mbili huhitaji safu mbili kwenye lahajedwali.

Kama chanzo kimechanganya njia, kwa mfano ukolezi umepimwa lakini mtiririko umetolewa kwenye mchoro wa feni, taja njia iliyobeba sehemu kubwa ya uzito na uweke maelezo. Usiandike kilo 8,643.27 pale mashaka ni asilimia 30. Tarakimu mbili au tatu zenye maana zinatosha. Matokeo yaliyo chini ya kikomo cha utambuzi, yaani kiasi kidogo kabisa ambacho kifaa kinaweza kukiona, yaandikwe kwa kanuni moja, ama nusu ya kikomo ama kikomo chote kadiri mamlaka yako inavyoelekeza, na kanuni hiyo isibadilike kati ya dohani na dohani.

Ukibadilisha njia, namba itaruka hata kama kiwanda hakijabadilika. Piga hesabu ya mwaka uliopita kwa njia mpya pia na uziweke zote mbili kwenye faili, na tarehe ya mabadiliko na aliyeyaidhinisha. Mamlaka ya mazingira itauliza kwa nini tani 32 za mivujo zimekuwa 8.6, na jibu linapaswa kuwa usomaji wa kila vali, wenye namba ya kibandiko chake.